Sajini na Mguu wa Koplo

Kwao ni wapi, alizaliwa lini, baba yake alikuwa nani, hayo msiniulize. Miaka yote tuliyokaa jengo moja mjini, mimi ghorofa ya pili na duka langu la kuchapa na kujalidi, yeye na ofisi yake ghorofa ya tatu juu ya kichwa changu, sikumsikia hata siku moja akitaja kwao. Alichotaja ni kituo. Watu wa Nairobi wakisalimiana ni sasa, ni niaje, ni mambo. Yeye alifungua mlango wangu asubuhi, akasimama kizingitini kama mtu aliyekatazwa kuvuka, akaniuliza, "Mama Ciku, hali ya kituo?"

Siku ya kwanza nilimjibu kwa mzaha. "Kituo kimezingirwa, Sajini. Maji hakuna." Hakucheka. Alishuka chini na kurudi na mitungi miwili iliyojaa, akaiweka pembeni ya mashine yangu ya kutoa nakala, akaondoka bila kungoja asante. Tangu siku hiyo nikajifunza kuchunga ulimi wangu asubuhi.

Sajini ndilo jina tulilomjua nalo jengo zima. Alikuwa nalo lingine kwenye kitambulisho, na kampuni yake ilikuwa na jina refu la Kizungu lililoandikwa kwenye kibao cha mlangoni, lakini hakuna aliyelitumia. Jeshini alikuwa kikosi cha mawasiliano, watu wa redio na nyaya. Wenzake walipostaafu walinunua mashamba, wengine matatu za kubeba abiria, wengine wakaenda kulinda mabenki. Yeye alisema serikali ina ofisi nyingi, kila ofisi ina kompyuta, na kila kompyuta siku moja itakataa kuwaka. Akafungua kampuni ya kuihudumia serikali: kuvuta nyaya za mtandao, kupanga kompyuta, kufundisha makarani kuzitumia, na kurudi zikikataa kuwaka.

Alikuwa mtu wa ajabu, na ajabu yake nyingi ilikuwa ya kupingana. Sisi tukichelewa dakika chache alitutazama kama watoro. Lakini ofisa wa serikali akimwambia aje saa tatu, angekaa kwenye benchi la korido hadi jioni, mgongo wima, bila kununa. Nilimuuliza anavumiliaje. Akasema, "Mkubwa hachelewi. Mkubwa anafika akifika." Nilicheka mpaka karatasi zikaniponyoka mkononi.

Mbele ya wakubwa ndipo alipoharibikiwa. Miaka ya kambini ilikuwa imemwingia kwenye magoti. Akiingia ofisi ya mkurugenzi fulani, badala ya kunyoosha mkono na kutabasamu kama wafanyabiashara wengine, alisimama mkakamavu, kidevu juu, mikono ubavuni. Siku moja mkubwa mmoja alimwinulia macho kutoka kwenye simu akamwambia, "Afande, funga hiyo mlango ukitoka." Alidhani ni askari wa langoni amempandishia mgeni. Na Sajini akatoka, akafunga mlango! Akasimama nje kidogo, kisha akabisha upya, akaingia na kusema yeye ndiye mwenye kampuni. Alinisimulia mwenyewe, na alisimulia kwa uzito kama anatoa taarifa ya ajali.

"Kwa nini ulitoka lakini?" nikamuuliza.

"Ilikuwa amri, Mama Ciku."

Alikuwa na misemo yake. Mtu akikosea na kuanza kujieleza, alimkata: "Usiniombe radhi, nipe taarifa." Ukilalamika kuhusu mvua, kodi, wanasiasa au mashemeji, jibu lilikuwa moja: "Sawa. Na sasa tunafanya nini?" Hilo la pili lilinikera sana, kwa sababu mara nyingi mtu analalamika akitaka kulalamika tu.

Kazi yake ilikuwa safi. Alizipanga nyaya juu ya dari, mahali ambapo hakuna wa kuziona isipokuwa panya, akazifunga pamoja na kuziandika kila moja inakokwenda. Makarani walimwogopa. Aliyewafundisha hasa, na ambaye walimpenda, hakuwa yeye. Alikuwa Koplo.

Koplo alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, wa kikosi kile kile, mrefu, mcheshi, mguu wa kulia wa bandia kuanzia chini ya goti. Wa kwake wa kuzaliwa ulibaki ng'ambo ya mpaka, ulikatwa na bomu la kutegwa barabarani. Kwa fidia aliyopewa na jeshi alimjengea mama yake nyumba huko Laikipia, kisha akaja Nairobi kumfuata Sajini. Mimi aliniita Mathe, yaani mama kwa lugha ya vijana wa mjini. Angeingia dukani akichechemea, apige meza kama ngoma. "Mathe, sasa? Leo umependeza, ama ni macho yangu?" Nami namwambia akapimwe macho.

Ungemwona na makarani wale wa zamani, akina mama na wazee wanaosubiri kustaafu, walioletewa kompyuta wakaiogopa kama nyoka! Aliketi kando yao taratibu. "Mathe, shika tu hiyo mouse, haiumi. Ukiharibu tutasema ni Sajini." Baada ya siku chache bibi wa watu anatuma barua pepe na kujipigia makofi. Ofisi moja ndogo ya serikali huko Dagoretti walikataa kufundishwa na mtu mwingine yeyote. Walikuwa wakipiga simu na kusema, "Tutumie yule wa mguu." Koplo alilipenda jina hilo. Sajini akilisikia uso ulikuwa unamkauka.

Lifti ya jengo letu ilikuwa kama mgonjwa wa siku nyingi, leo nafuu, kesho hoi. Ikilala, Sajini na Koplo walipanda ngazi pamoja. Mlango wangu unatazama ngazi, kwa hiyo niliwaona. Kila walipofika palipo na sakafu ya kupumzikia, Sajini aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa vimefungwa tangu alfajiri, kamba zimekaza. Angezifungua polepole, azifunge tena polepole, mpaka Koplo apate pumzi, halafu waendelee. Hakuna aliyesema neno. Kiatu gani hufunguka kila ghorofa? Nilimpenda Sajini kwa ajili ya kamba zile, na ninasema bila aibu kwamba nilimpenda kama kaka yangu.

Ni Koplo aliyeniambia kisa cha ule mguu. Aliniambia akila mandazi yangu, kama anasimulia habari ya mpira. Msafara ulikuwa na magari mawili, na asubuhi ile yeye alikuwa amekaa la kwanza. Sajini akamwambia ahamie la pili, kwa sababu redio ya la pili ilikuwa inasumbua. "Na la pili ndilo lilikanyaga," akasema. Nikashika mdomo. "Aah, Mathe, usimwangalie vibaya. Redio ilikuwa inasumbua kweli." Akachukua andazi lingine.

Hapo ndipo nilipoelewa kampuni ile ni ya nini. Wengine walidhani Sajini anatafuta utajiri wa serikali. Alikuwa anatafuta mahali pa kumweka Koplo, mahali penye kiti, penye kazi ya mikono na kichwa, penye watu wa kumheshimu. Kampuni ikifa, Koplo angerudi kuwa mtu wa kuhurumiwa. Hilo tu ndilo lililomwamsha Sajini asubuhi.

Na kampuni ilikuwa inakufa. Asiyejua zabuni ya serikali hudhani ni karatasi mbili na mhuri. Zabuni ni kitabu kizima. Kila ukurasa unawekewa nambari, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na ukiruka mmoja, kitabu chote kinatupwa hata kama wewe ndiye fundi bora duniani. Kuweka nambari na kujalidi ndiyo ilikuwa kazi yangu. Wateja wengine walikuja mchana wa mwisho wakitokwa jasho, wanagombania mashine. Sajini alikuja wiki nzima kabla, akasimama nyuma yangu huku nikigonga nambari, na nikiona anapumua vizuri najua sijaruka. Kisha huyo, anakwenda kutumbukiza kitabu kwenye sanduku la zabuni, na siku ya kufungua anaenda kusikiliza. Akirudi nilijua kwa jinsi anavyopanda ngazi.

Kazi kubwa zilikwenda kwa makampuni makubwa. Kazi za ukubwa wake, nyingi zilikuwa zimetengewa makundi: vijana, akina mama, watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, wala silipingi, mimi mwenyewe limenilisha. Lakini askari mstaafu mwenye mvi hana kundi.

"Niandike mimi basi," nilimwambia. "Mimi ni mama wa kutosha."

"Unajua kuvuta waya?"

"Najua kuvuta masikio."

Siku hiyo alitabasamu, jino moja tu. "Huo utakuwa uongo, Mama Ciku." Na hilo nililikubali, maana kweli ungekuwa uongo.

Sasa nifike pale. Ilikuwa mchana, wamekuja wote wawili kuchukua kitabu. Kulikuwa na zabuni ya ofisi kadhaa za Dagoretti, pamoja na ile iliyompenda Koplo, na ilitengewa watu wenye ulemavu. Kitabu walichokuja kuchukua kilikuwa cha zabuni nyingine, kubwa, ambayo hata paka wangu angejua hawataipata. Koplo akafunga mlango wa duka. Nikaona leo si mzaha.

"Sajini, niweke director," akasema. "Niandikwe nusu, wewe nusu. Niko na karatasi ya daktari, niko na mguu, ama niseme sina mguu. Hiyo kazi ni yetu. Hao wasee wa Dagoretti wananijua."

Sajini aliendelea kufunua kurasa. "Hapana."

"Kwa nini?"

"Wewe si mlemavu. Wewe ni askari."

"Si niwe zote mbili?"

Nikaingilia, kwa sababu mdomo wangu hauna kufuli. Nilimwambia Sajini huu si uongo kama wa kuniandika mimi. Kijana anaijua kazi, kampuni kwa kweli ni yake pia, na mguu kwa kweli haupo. Ni uongo gani hapo?

Sajini akafunga kitabu. Sijawahi kumwona mwanamume akizungumza kwa upole namna ile huku ana hasira namna ile. "Ule mguu niliupoteza mimi," akasema. "Mimi nilimwambia ahamie gari la pili. Siwezi sasa kuja kuufanyia biashara."

Koplo alikuwa anamtazama, na ucheshi wote ulikuwa umemtoka usoni, kumbe chini yake kulikuwa na mtu mzima aliyechoka.

"Sajini," akasema, "kwa heshima zote. Mguu ni wangu."

"Nimesema hapana. Hiyo ni amri."

Koplo akaweka visigino pamoja, cha nyama na cha plastiki. "Ndio, afande," akasema.

Miaka yote ile alimwita Sajini, kama sisi. Sikuwahi kumsikia akimwita afande. Nadhani Sajini naye alisikia, kwa sababu aliokota kitabu chake na kutoka bila kuniuliza deni wala risiti, akausahau hata mfuko wake mezani.

Zabuni kubwa hawakuipata. Mwisho wa mwezi Koplo aliaga. Hakukasirika, hakusengenya, alipeana mikono jengo zima mpaka kwa mwenye jengo, mzee wa Kisingasinga aliyempenda kwa sababu ndiye pekee aliyemkejelia lifti yake bila kumtukana. Mimi alinikumbatia. "Mathe, niombee tu. Nimechoka kuwa mzigo yake." Nikamwambia yeye si mzigo wa mtu. Akasema, "Basi nani alimwambia anibebe?"

Alipata kazi ya kulinda lango la nyumba moja kubwa Spring Valley. Kazi ya kusimama. Hakumwambia mwajiri habari ya mguu, na suruali ndefu ilificha. Sajini alijua. Kila Jumapili alitoka kwake, mtaa wa Satellite, akaenda kumwona pale langoni, wanazungumza habari za mpira na za wenzao wa zamani. Kigutu kikaota kidonda. Koplo alikifunga kitambaa na kusimama, akafunga na kusimama, mpaka sumu ikaingia kwenye damu. Jumapili ile ya mwisho Sajini alimkuta ameegemea ukuta akiwa anatetemeka, na akamuuliza, na Koplo akasema ni malaria tu. Alikufa kabla ya Jumapili iliyofuata. Mimi nililia dukani mchana kutwa, na wateja walijihudumia.

Tulikwenda kumzika Laikipia, watu wa jengo letu, kwa gari dogo la kukodi. Nyumba aliyomjengea mama yake ilikuwa nzuri, ya mawe, na uwanja ulikuwa umejaa watu. Kaka yake mkubwa akasimama kusema maisha ya marehemu. Alisema shule, alisema jeshi, alisema vita. Kisha akasema, na sauti yake ilipanda kwa fahari, kwamba baada ya jeshi ndugu yake hakukaa chini kuomba. Alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya kompyuta mjini Nairobi, kampuni ya kuhudumia serikali, na wakubwa wa ofisi walikuwa wakimpigia simu kwa jina. Akina mama waliguna kwa heshima. Mama mzazi alikuwa akiitikia kwa kichwa, ndio, ndio, mwanangu. Habari ya lango la Spring Valley hakuna aliyeijua pale. Alikuwa amewaambia hivyo, labda kwa simu, labda Krismasi akiwa nyumbani, na wao wakaamini, na kwa nini wasiamini?

Sikuthubutu kumtazama Sajini. Akaitwa aseme machache kama mkubwa wake wa jeshi. Alikwenda mbele kwa hatua zake zile zile. Nilimjua kama mtu asiyesema uongo hata wa kupunguza aibu, mtu aliyefunga mlango na kutoka kwa sababu ameambiwa atoke. Nikasema moyoni, Mungu wangu, asije akasahihisha.

"Ni kweli alivyosema ndugu yake," Sajini akasema. "Kampuni ilikuwa yetu. Tulikuwa wakurugenzi wawili." Akataka kuendelea, kidevu kikamkataa, akarudi kukaa.

Baada ya hapo alifunga ofisi. Alishusha kibao mwenyewe, akafagia, akamkabidhi mwenye jengo funguo. Ghorofa ya tatu walihamia watu wa kuuza wigi, wacheshi sana, na kelele zao sikuzipenda kwa muda mrefu. Wale wa Dagoretti walimpigia simu mara kadhaa kuhusu kompyuta zao. Alikwenda, akarekebisha, wakimuuliza yule wa mguu yuko wapi alisema amehamishwa.

Mwaka jana nami nikaacha duka la mjini na kukaa nyumbani Mutuini, niangalie vyumba vyangu vya kupangisha na sukuma wiki yangu. Jumapili moja ya baridi, nimetoka kanisani, sijavua hata viatu, nikasikia bodaboda getini. Nilimtambua Sajini kwa jinsi alivyosimama. Alikuwa amekonda, na kofia ya sufu imeshuka hadi masikioni. Nikamkaribisha, nikamwekea kiti kibarazani penye jua kidogo, nikamletea chai na ngwaci, viazi vitamu vya kuchemsha. Hakugusa.

"Mama Ciku," akasema, "nimewauliza watu wote."

"Umewauliza nini?"

"Kama nilikosea. Ile siku, dukani kwako." Alizungumza akitazama sukuma. "Pasta amesema nililinda heshima ya kijana. Mke wangu amesema hivyo hivyo. Nilienda mpaka kwa mama yake. Nilimweleza yote, hata lango, hata kidonda. Alinishika mkono akaniambia mipango ni ya Mungu, nisijitese."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi silali." Akageuka kunitazama. "Nimekuja kwako kwa sababu wewe huna huruma."

"Asante kwa kunisifu."

"Niambie."

Kumpoza kulikuwa rahisi. Maneno ya kupoza tunayo tele. Chai ilikuwa inapoa mbele yake, na mtu niliyempenda alikuwa amekuja kutoka Satellite kwa baridi ile kutafuta mtu mmoja wa kumwambia ukweli.

"Ulikosea, Sajini," nikasema. "Alitaka kuwa mwenzako. Ulimfanya mgonjwa wako. Alikuletea kitu chake mwenyewe akupe, ukakataa kupokea, kwa sababu ulidhani uchungu wake ni mali yako. Ulimpenda, hilo halina shaka, hata ngazi za jengo lile zinajua. Lakini ulimnyima."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa. "Ndio," akasema. "Hivyo ndivyo ilivyokuwa."

Kisha akavua kofia, akaiweka gotini, akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima wa mvi, kibarazani kwangu mchana kweupe, mpaka mpangaji wangu mmoja akachungulia dirishani. Kwetu mtu akilia hivyo tunamwambia nyamaza, nyamaza, yatapita. Mimi nilivuta kiti changu karibu na chake, nikakaa. Sikumwambia anyamaze.